Nani Atafsiri?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kalamashaka walitoka Dandora na wimbo uliobeba amri kwenye jina lake: Tafsiri Hii. Kama, Johnny na Roba hawakuomba radhi kwa lugha yao. Ukitaka kuelewa, kaa chini ufanye kazi. Redio za FM za Nairobi zilikuwa bado changa. Capital FM ilikuwa imeingia hewani 1996, ikitangaza kwa Kiingereza. Hip hop ya Kiswahili na Sheng ilikuwa kama mgeni aliyeingia sebuleni na viatu vya matope.

Sasa chukua msanii yeyote wa Eastlands leo, muweke kwenye kiti cha mahojiano, uone amri ikigeuka. Yeye ndiye wa kutafsiri. Ana dakika kumi na tano, matangazo ya biashara katikati, na mtangazaji ambaye pengine hajasikiza wimbo mpaka mwisho. Jina lako lina maana gani? Ulitokaje ghetto? Una bifu na nani? Ile beti aliyokesha nayo haiulizwi. Anatafuta Kiingereza kinakwama, anacheka mahali hapakuwa na kichekesho, anasema "unajua" mara saba.

Halafu anapanda matatu. Mpaka ifike Jogoo Road ashairudia klipu mara nne. Mbona nilisema hivyo? Mbona sikutaja producer wangu? Manze, nilikaa kama mtu ameitwa kwa chifu.

Watu humwambia ni woga tu, atazoea. Siamini. Huyu ni mtu anayesimama mbele ya umati bila kutetemeka, na sauti yake iliyorekodiwa ameisikia mara elfu. Tofauti ni kwamba studio ya muziki humruhusu kurudia mstari mpaka ukae, na mstari ni wake. Studio ya redio humpa nafasi moja, tena ya kujibu swali ambalo hakulichagua, kwa lugha ambayo sanaa yake iliikataa. Hapo hata mimi ningetoa jasho.

Kuna utafiti wa mwaka 2000, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, unaofaa kusomwa kwenye hiyo matatu. Wanafunzi walivalishwa tishati ya kuaibisha yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangetambua picha. Walioitambua walikuwa karibu robo. Aibu yetu huwa kubwa kuliko macho ya watu. Ila tishati unaweza kuvua. Klipu ikishapandishwa ni maji yaliyomwagika.

Lakini tusimgeuze msanii kuwa mtakatifu. Mwaka 2019 Ethic wa Umoja walitoa Tarimbo, wimbo uliolaaniwa kwamba unasifu ubakaji. Uliondolewa YouTube, na kikundi kikaomba msamaha. Kumuuliza msanii maneno yake yanawafanyia nini wasichana wa mtaa wake si uonevu. Ni heshima, kwa sababu umemchukulia kama mtu mzima mwenye kazi. Swali kama hilo likikukosesha usingizi, kosa usingizi, halafu rudi kwenye daftari.

Uonevu ni pale lafudhi na umaskini vinapogeuzwa kuwa kipindi chenyewe, na msanii anatoka akidhani ameanguka mtihani ambao haukuwa wa muziki. Ghetto Radio 89.5 inatangaza kwa Sheng, kwa hivyo hakuna sheria ya hewa inayosema mtoto wa Kayole lazima ajieleze kama mgeni katika jiji lake. Hata huko, lugha peke yake haitoshi. Mtangazaji lazima awe amesikiza.

Ninachohofia ni wimbo unaofuata. Msanii aliyejichapa usiku mzima kwa sababu hakueleweka huanza kuandika mistari inayoelezeka kwenye sofa ya asubuhi, laini, tayari imetafsiriwa. Kwa hivyo, ukikosoa mahojiano yako, kosoa majibu uliyotoa kuhusu kazi yako tu. "Unajua" zile saba, waachie wao.