Pongezi kwa Wakulima wa Sifongo wa Jambiani

Sisi wa Nanyala tunalima kahawa na mahindi, na bahari iko mbali nasi. Lakini mkulima humtambua mkulima mwenzake, ndiyo maana natoa pongezi kwa akina mama wa Jambiani, Unguja, wanaolima sifongo baharini.

Kabla ya sifongo kulikuwa na mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Maji yalipozidi joto, mwani wenye bei nzuri ukaanza kufa. Shirika la Marine Cultures likaleta sifongo, na akina mama, wengi wao wakilea watoto peke yao, wakajifunza kuogelea na kulima.

Sifongo ni mnyama, lakini hupandwa kama muhogo: hukatwa vipande, na kila kipande kikafungwa kwenye kamba majini, kikakua. Hahitaji kulishwa wala kupewa dawa; hujilisha kwa kuchuja maji. Kazi ya mkulima ni kumsafisha mara kwa mara, kumvuna na kumkausha, kisha kumuuza kwa ajili ya kuogea.

Sifongo wana heshima hata hospitalini. Kemikali za sifongo wa Karibiani ndizo zilizowaongoza wanasayansi kutengeneza sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969.

Akina mama, hongereni sana. Mmepata riziki bila kuharibu bahari. Watalii na hoteli za Zanzibar, nunueni sifongo zao kwa bei ya haki.