Nuru Iliyoinama

Ukungu wa Usambara hauji kwa kishindo. Mtu huondoka Mombo asubuhi, jua limekwisha kuchomoza juu ya mashamba ya katani, akaishika ile barabara nyembamba ya kilomita zipatazo 33 ipandayo Lushoto, na kabla hajafika Soni huuona weupe umeteremka kutoka migongoni mwa milima, ukameza miti, ukameza ukingo wa barabara, hata mwisho ukameza boneti ya gari lake. Hapo asiyejua huwasha taa kubwa kwa nguvu zake zote, akidhani ya kuwa kiza na ukungu ni ndugu wa tumbo moja, na papo hapo hujijengea ukuta mweupe mbele ya macho. Kwani ukungu si upungufu wa nuru, bali ni maji yaliyosagika yakaelea hewani, na kila chembe yake huipokea nuru ile na kumrudishia mwenyewe usoni.

Taa ya ukungu iliundwa kwa fikira nyingine kabisa. Huketi chini, karibu na bampa, baidi na macho ya dereva, ikamwaga mwanga mpana ulio bapa, uliokatwa juu kana kwamba kwa upanga, usipande katika weupe bali upite chini yake, ukifichua lami na kingo zake za kulia na kushoto. Haina tamaa ya kufika mbali. Mimi naiona kuwa ndiyo taa yenye adabu kuliko taa zote za gari, na kazi ya kuifunga, mtu akaifanya kwa mikono yake uani kwake, nimeipenda muda wa miaka mingi.

Gari ninalolinena ni Peugeot 504 ya mwaka 1978, amana ya marehemu baba yangu. Gari la umri huo lina fadhila ambayo magari ya leo yameikosa: ukifungua boneti, kila waya huuona utokako na uendako, nawe waweza kuongeza wako pasipo kuomba idhini ya kompyuta. Lakini fadhila hiyo ina hatari yake. Mara ya kwanza, katika ujana wangu, nilivuta waya kutoka betri hadi swichi ya dashibodi, na kutoka swichi hadi taa, basi. Taa zikawaka, nikafurahi. Haikutimia nusu saa ila harufu ya mpira unaoungua ilijaa garini, na ile swichi imelainika mithili ya nta.

Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa umeme wa magari huko Tanga, hakunikaripia. Alinipa kalamu. "Taa moja wati 55, betri volti 12; haya, mwanangu, piga hesabu." Nikapata ampea nne na nusu na ushei kwa kila taa, zaidi ya tisa kwa zote mbili. Akakishika kile kiswichi kilichoharibika, akaniuliza, "Na mzigo huo wote umemtwika huyu?"

Siku hiyo ndipo nilipoijua rilei, kijisanduku cheusi chenye miguu minne yenye nambari zake. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri, wa 87 huupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni ncha mbili za koili iliyomo ndani. Swichi haibebi tena mzigo, yatoa amri tu kwa umeme kidogo mno, na koili ikageuka sumaku, ikavuta ulimi wa chuma, na umeme ule mwingi ukapita njia yake fupi na nene. Kama nahodha atamkaye neno moja akiwa amekaa tezini, na tanga likatwekwa na mikono mingine. Fyuzi ya ampea 15 hukaa shubiri moja tu kutoka betri, kwa sababu waya ulioitangulia fyuzi hauna mlinzi.

Lakini uzuri wa kazi hii, kwa maoni yangu, umo katika yale yasiyoonekana. Waya ukipenya bati sharti tundu livikwe mpira, maana gari litetemekalo miaka na miaka katika mashimo ya barabara hugeuza makali ya bati kuwa msumeno. Na ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi usifungwe juu ya rangi wala juu ya kutu: kwangua hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi. Taa nyingi zinazosingiziwa unyonge hazina maradhi ila hayo.

Wauzaji hushikilia kwamba glopu ya manjano hupasua ukungu, na Wafaransa waliamrisha taa za mbele ziwe manjano hadi mwaka 1993. Ukweli ni kuwa chembe za ukungu ni kubwa mno hata haziteui rangi, huzitawanya zote karibu sawasawa. Nami nilitia za manjano, lakini kwa ajili ya jicho langu, ambalo hupumzika likiepushwa na ukali wa mwanga wa buluu.

Jioni nililisimamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali palipo sawa, binti yangu akachora kwa chaki mstari wa kimo cha taa, na mwingine sentimita 10 chini yake. "Baba, ya kushoto bado iko juu," akasema, na kweli ilikuwa juu. Nikalegeza nati, nikainamisha kidogo, nikakaza.

Julai tulipanda Lushoto alfajiri. Karibu na Soni weupe ukashuka, nikazima taa kubwa, nikawasha zile za chini, na barabara ikajikunjua polepole, hatua chache kwa wakati. Katika kona moja niliona nyayo mbili zilizolowa umande, kisha pindo la kanga, kisha kitako cha kapu. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, gari likatambaa, naye mama yule akatupisha kando ya mtaro, uso wake ungali ndani ya ukungu.