Kikosi cha Miongo Yote

Mwaka 1930 wapigaji wote wa Ligi ya National nchini Marekani, hodari na dhaifu, pamoja na warushaji ambao enzi hizo walilazimika kushika gongo kama wenzao, walimaliza msimu wakiwa na wastani wa .303. Maana yake, katika kila mara elfu moja za kupiga, mara 303 walifika kituoni kwa mpigo wao. Mwaka 1968 bingwa wa upigaji wa Ligi ya American alikuwa Carl Yastrzemski wa Boston, na wastani wake ulikuwa .301. Hakuna mwingine katika ligi ile aliyegusa .300. Bingwa wa mwaka mmoja alikuwa chini ya mtu wa kawaida wa mwaka mwingine.

Anayetaka kuunda kikosi cha besiboli kwa wachezaji wa miongo iliyopita na aanzie hapo. Kabla hajamgusa mpigaji mashuhuri Babe Ruth, akae na namba hizo mbili mpaka aelewe zimetokeaje. Mpira wa 1930 ulikuwa ukiruka sana. Kufikia 1968 eneo ambalo mrushaji anahesabiwa amerusha mpira halali lilikuwa limepanuliwa, na kichuguu anachosimama kilikuwa na kimo cha inchi 15. Warushaji wakatawala. Msimu ulipokwisha, wakuu wa mchezo walikishusha kichuguu hadi inchi 10 na kulibana lile eneo, na wapigaji wakapata nafuu mwaka uliofuata. Ufundi wote wa kazi hii, nionavyo mimi, ni kumpima mtu kwa watu waliosimama naye uwanjani mwaka uleule.

Kwa nje kazi yenyewe haina makuu. Watu kadhaa huketi mezani na kuchagua wachezaji kwa zamu. Aliyekuwa wa mwisho mzunguko wa kwanza huwa wa kwanza mzunguko wa pili, ili kura isimpendelee mtu. Mchezaji akishatajwa, ameondoka. Baadaye vikosi hukutanishwa, ama kwa kompyuta ama kwa kadi na dadu. J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, aliutoa mchezo wake wa kadi, APBA, mwaka 1951, na Hal Richman wa New York akafuata na Strat-O-Matic mwaka 1961. Ipo pia ile ligi ya kubuni inayotegemea wachezaji wa msimu unaoendelea, ambayo mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake waliianzisha New York mwaka 1980. Hiyo ina raha zake, lakini humtaka mtu abashiri kesho. Hii yetu humtaka aisome jana vizuri, na mimi naiona ni ngumu zaidi.

Tazama kadi ya Strat-O-Matic kwa karibu. Kila mchezaji ana kadi yake iliyotokana na msimu wake halisi, yenye safu tatu za matokeo. Unatupa dadu tatu. Ya kwanza ikitoka 1, 2 au 3, unasoma safu hiyo katika kadi ya mpigaji. Ikitoka 4, 5 au 6, unasoma kadi ya mrushaji. Mbili zilizobaki unazijumlisha, na jumla yake ndiyo mstari wa kusoma: mpigaji ametolewa, au amepewa kituo bure, au ameupeleka mpira nje ya uzio. Nusu ya kila pambano imo katika kadi ya anayepiga na nusu katika kadi ya anayerusha. Kwa hiyo anayechagua wapigaji tu, kwa sababu majina yao ndiyo yanayong'aa, amejenga nusu ya timu.

Warushaji ndipo watu wengi wanapoteleza. Mwaka 1968, Bob Gibson wa St. Louis aliruhusu wastani wa mikimbio 1.12 kwa kila ininge tisa. Hiyo ni namba ya kumfanya mtu apige kelele jina la Gibson kabla zamu yake haijafika. Mwaka 2000, Pedro Martínez wa Boston aliruhusu 1.74. Ukiziweka namba hizo kavukavu, Gibson ameshinda na mjadala umekwisha. Lakini katika ligi ya Gibson mwaka ule mrushaji wa kawaida aliruhusu karibu 3, na katika ligi ya Martínez mwaka 2000 wa kawaida aliruhusu karibu 5. Aliyemfuata Martínez katika ligi yake, Roger Clemens, alikuwa na 3.70, zaidi ya maradufu. Martínez aliyafanya hayo wakati viwanja vilijaa wanaume wenye misuli ya kutisha na mipira ikipaa kila usiku. Kwa kipimo cha watu waliosimama naye, yeye ndiye aliyeruka juu zaidi.

Hata hivyo sikuambii umwache Gibson. Mwaka ule alianza mechi 34 na kuzimaliza 28 peke yake, 13 kati ya hizo bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, akarusha ininge zaidi ya 304. Martínez alirusha 217. Gibson anakupa mkono unaofanya kazi mpaka jioni, na hivyo anakupunguzia haja ya warushaji wa akiba. Martínez anakupa ubora usio na mfano, lakini lazima uwe na watu wa kumpokea. Uamuzi hutegemea umeshachukua nani na nani amebaki mezani. Nimeona watu makini wakilitafakari swali hilo moja kwa muda mrefu kuliko wanavyofikiria nyumba ya kupanga, na sioni kosa lao.

Jambo la pili ni uhaba. Wachezaji wa pembeni wenye nguvu wamejaa tele katika historia ya mchezo huu. Ukimkosa mmoja, watano wapo. Lakini kituo cha pili kwa kawaida huwa cha watu wepesi, mahodari wa glavu, wasiotisha kwa gongo. Ndiyo maana Joe Morgan wa Cincinnati mwaka 1975 ana thamani kuliko jina lake linavyosikika leo. Alipiga .327, akapewa vituo vya bure 132, akaiba vituo 67, akatwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, na ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwaka. Mtu wa aina hiyo katika nafasi hiyo unamchukua mapema, hata kama wenzako watakutazama kwa mshangao huku wapigaji wa mipira mirefu wakiwa bado mezani. Kwa upande mwingine, Ozzie Smith alicheza misimu 19 na kupeleka mipira 28 tu nje ya uzio maisha yake yote, lakini alitwaa Glavu za Dhahabu 13 mfululizo akilinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Anayesoma namba za upigaji peke yake humpita bila kumwona.

Sasa nifike pale ambapo kazi hii inakuwa nzito kweli. Hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947, kwa zaidi ya nusu karne watu weusi walifungiwa nje ya ligi kuu. Walicheza katika ligi zao, na kumbukumbu zao ziliandikwa kwa shida, nyingine zikapotea. Desemba 2020 mamlaka za besiboli ya Marekani zilizitambua ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zao ziliingizwa katika vitabu rasmi. Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, akawa na wastani wa maisha yote wa .372, akampita Ty Cobb, aliyekuwa kinara kwa .367. Alikuwa amefariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia.

Wapo wanaosita kumchagua wakisema mechi zake za ligi zilizorekodiwa ni chache. Ni kweli misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi, na timu zilijaza mwaka kwa mechi za kuzunguka miji ambazo hazikuhesabiwa. Lakini haki ina pande mbili. Ikiwa tunampunguzia Josh Gibson kwa uchache wa mechi, basi tumpunguzie na Ruth, ambaye hakuwahi kukutana na mrushaji mweusi Satchel Paige katika mechi ya ligi hata mara moja. Paige alipofunguliwa mlango mwaka 1948 alikuwa na miaka 42, na Cleveland yake ikatwaa ubingwa mwaka uleule. Wazungu wote wa kabla ya 1947 walizipata namba zao katika uwanja uliopunguzwa washindani. Mimi Josh Gibson namchukua mzunguko wa kwanza, tena bila kusita, kwa kuwa ni mdakaji, na wadakaji wenye gongo la namna ile hawapo wawili.

Kuna pia waliochukuliwa miaka na vita. Ted Williams aliyepiga .406 mwaka 1941 alikosa misimu mitatu kamili, 1943 hadi 1945, kisha sehemu kubwa ya 1952 na 1953 kwa ajili ya vita vya Korea, alikorusha ndege za kivita. Kama mmekubaliana kuhesabu jumla za maisha yote, anaumia. Kama mmekubaliana kuhesabu kilele, yumo katika watano wa kwanza. Sheria hiyo iamuliwe kabla ya jina la kwanza kutajwa.

Baada ya mzunguko wa sita au wa saba majina makubwa yamekwisha, meza imetulia, na hapo ndipo mjuzi anapojulikana. Rickey Henderson, mwenye vituo 1,406 vya kuiba, amekwenda zamani. Lakini Tim Raines wa Montreal bado yupo. Alicheza miaka ileile ya Henderson, kazi ileile ya kufungua mashambulizi, akaiba vituo 808, na kila alipojaribu alifanikiwa kwa kiwango kinachomzidi hata Henderson: karibu mara 85 katika 100. Kuanzia 1981 hadi 1986 hakushuka chini ya vituo 70 kwa msimu. Kwa kuwa alikuwa kivulini, wapiga kura walimwacha nje ya Jumba la Heshima la Cooperstown mpaka mwaka wake wa kumi na wa mwisho wa kupigiwa kura, ambapo aliingia mwaka 2017. Mezani nako humwacha hivyohivyo. Mzunguko wa nane, zamu yangu ikifika, nalitaja jina lake, namweka awe wa kwanza kushika gongo, na nyuma yake namweka Morgan.