Madaraka Mikoani: Uhakiki wa Maneno Mawili

Mhakiki wa fasihi amezoea kuanza na kitabu. Sisi tunaanza na maneno mawili tu, ambayo yaliandikwa katika mabango na kughaniwa katika ngonjera, nayo yaliyageuza maisha ya wilaya nzima nzima kuliko ilivyopata kufanya diwani yoyote ya mashairi. Maneno hayo ni Madaraka Mikoani.

Yafaa kwanza tukumbushane yaliyotendeka. Waraka wa Mwalimu Nyerere wenye jina hilo ulitolewa mwaka 1972, na mpango wake ukaanza kutekelezwa Julai mwaka huohuo. Halmashauri za wilaya zikavunjwa. Mabaraza ya miji yakafuata katika 1973 na 1974. Dar es Salaam, iliyokuwa manispaa tangu 1949 na jiji tangu Desemba 1961, ikapoteza baraza lake mwaka 1974 na kugawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Badala ya halmashauri iliyochaguliwa akawekwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, aliyeteuliwa. Madiwani walibaki na jina lao na viti vyao katika kamati za maendeleo, lakini neno lao sasa lilikuwa ushauri. (Mpango wenyewe ulitayarishwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya Marekani, McKinsey, jambo ambalo halikupata ubeti katika ngonjera yoyote tuliyoisikia.)

Hatutaki kudai kwamba halmashauri zile zilikuwa za malaika. Nyingi zilikuwa zimechoka, hasa baada ya kodi ya kichwa, iliyokuwa nguzo ya mapato yao, kuondolewa mwaka 1969. Lakini kilichochoka hupumzishwa au hutibiwa. Hizi zilizikwa, na mazishi yakapewa jina la arusi.

Sasa tuyatazame maneno. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuonyesha mwenye mali. Kama waraka ungekusudia kwamba madaraka ni mali ya mikoa, ungesema 'madaraka ya mikoa'. Haukusema hivyo. Ulisema 'mikoani', na kiambishi hiki -ni huonyesha mahali, basi. Ng'ombe yumo zizini, lakini zizi haliwi mwenye ng'ombe. Hata kitenzi kilichoandamana na maneno hayo kilikuwa kupeleka: madaraka yamepelekwa mikoani. Kinachopelekwa kina mpelekaji, na mpelekaji anajua njia ya kukirudisha. Kwa hiyo hatuwezi kuilaumu lugha kwamba ilitudanganya. Ilisema kweli tupu, nasi washairi, ambao kazi yetu ni kusikiliza viambishi, hatukuisikiliza.

Kitenzi kingine ni kuvunja. Katika mazungumzo ya kila siku baraza huvunjika kila jioni: watu huinuka, hukung'uta mikeka, na kesho hurudi palepale. Baraza lililovunjwa 1972 lilirudi baada ya miaka kumi na miwili.

Wenzetu wa Kenya wana Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni, kukumbuka mwaka 1963 walipopata serikali ya ndani. Kwao neno hilo lilihusu kupata. Kwetu lilihusu safari: kutoka wapi kwenda wapi. Na kwa mtu wa Masieda, katika wilaya ya Mbulu, 'mikoani' kulimaanisha Arusha, kwa kuwa mkoa wa Manyara haukuzaliwa mpaka 2002. Kwa hiyo madaraka yaliyokuwa Mbulu mjini yalisogea mbali naye, huku akiambiwa yanamkaribia.

Tumeitaja Masieda kwa makusudi. Wilaya ya Mbulu ilizoea kuuliza ni nani anayesema kwa niaba yake. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, alikoshinda Herman Elias Sarwatt akiwa mgombea huru. Tena kwa Wairaqw, ambao Kiswahili kimezoea kuwaita Wambulu, aya ni nchi yenye mipaka inayojulikana, na watu wake wanaungana kwa kukaa humo zaidi kuliko kwa ukoo. Aya ina mzee msemaji wake, kahamusmo. Watu hawa wana pia utanzu wa sanaa uitwao slufay, sala na ushairi kwa pamoja, ambamo mzee hutamka maneno ya baraka na hadhara humwitikia hatua kwa hatua. Pasipo waitikiaji hapana slufay.

Tuilinganishe na ngonjera. Sisi tuliokuwa shuleni mwishoni mwa miaka ya 1970 tulighani ngonjera za kila sera. Mmoja hujifanya mjinga, mwingine mwerevu; mjinga huuliza, mwerevu hujibu, na katika ubeti wa mwisho mjinga huongoka. Umbo hili lina vina na mizani na lilitufundisha lugha, hatulidharau. Ila mjinga wa ngonjera hajawahi kushinda. Swali lake limetungwa na mwenye jibu. Kwa umbo la namna hii isingewezekana kuuliza: 'Kama madaraka yamekuja, mbona baraza letu limefungwa?' Slufay ingeweza kulibeba swali hilo, si kwa kulitamka, bali kwa ukimya wa waitikiaji. Utamaduni wa taifa uliichukua ngonjera ukaipeleka hadi milimani, na haukuichukua slufay hata hatua moja kuteremka.

Mabaraza ya miji yalianza kurejeshwa kwa sheria ya 1978, baada ya huduma za miji kuzorota na kipindupindu kuingia. Sheria za 1982 zikarejesha na za wilaya, zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyarudia. Ungamo hilo nalo halikutungiwa ngonjera.

Tungesema hayo yamepita, lakini maneno mapya yameshika kazi ya yale ya zamani. Siku hizi tunasikia 'kupandishwa hadhi'. Kijiji, tangu sheria ya 1975, kina nafsi ya kisheria. Kina halmashauri yake na mkutano mkuu wake, na sheria ya 1999 ilikipa usimamizi wa ardhi yake. Kijiji kikimezwa na mji na kufanywa mtaa, nafsi hiyo, halmashauri na usimamizi wa ardhi hutoweka, kwa kuwa mtaa una kamati badala ya halmashauri. Nacho husemwa kimepanda. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji, vitenzi vyote viwili katika tendo moja.

Mji wa Mbulu sasa una halmashauri yake, mbali na ile ya wilaya. Masieda imebaki upande wa wilaya, na vijiji vyake bado ni vijiji. Siku vitakapoambiwa vimepanda, tungependa awepo mzee wa kuuliza, mbele ya hadhara, vimepanda kutoka wapi, na anayeitikia ni nani.