Asilimia Nane ya Nini?

Mafuta yalipoadimika na bei kupaa mwaka 1973, Melvin Calvin wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961 kwa kazi yake kuhusu usanisinuru, aligeukia mimea ya porini. Mti wa mpira hutoa utomvu wenye hidrokaboni, jamaa wa petroli. Kwa nini usitafutwe mmea mwingine wa utomvu, unaoota mahali ambapo chakula hakistawi? Akauendea ukoo wa Euphorbia, ambamo umo mnyaa wetu wa kuzungushia ua, ule ambao maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa.

Kipimo chenyewe kilihitaji subira. Mmea mzima huvunwa, hukaushwa, husagwa, kisha unga huwekwa kwenye chombo cha Soxhlet. Kiyeyushi, mathalani heptani, huchemka chini. Mvuke hupanda, hupoa, hudondokea unga hadi ukalowa chapa, halafu kiyeyushi hurudi chini kikiwa kimebeba mafuta. Mzunguko huo hurudiwa kwa saa nyingi. Mwishowe kiyeyushi huvukizwa na masalia mazito hupimwa. Euphorbia lathyris ilitoa takriban 8% ya uzito mkavu. Hayo hayakuwa petroli bado: mengi yalikuwa triterpenoidi, molekuli zenye kaboni 30, ambazo hulazimika kupita kwenye kichocheo cha zeoliti ili zikatwekatwe.

Sasa tuitazame hiyo 8%. Ni ya mmea uliokwisha kukauka. Tani moja ya unga hutoa kilo 80 tu, na nyuma ya tani hiyo kuna tani kadhaa za mimea mibichi ya kukata, kubeba na kuanika. Wala mizani ya maabara haioni maji. Mmea uliotarajiwa kuvumilia ukame ulipopandwa Arizona ulitaka kumwagiliwa, na gharama zikaushinda.

Kemia ya Calvin ilikuwa sahihi. Mpangilio wa maswali ndio naupinga. Ningeanzia shambani: hekta moja, kwa mvua yake yenyewe, inatoa uzito gani mkavu msimu hadi msimu? Asilimia ya mafuta ingefuata baadaye. Mbono kaburi nao ulisifiwa kwa kipimo cha maabara, kwa kuwa mafuta ni kama theluthi ya uzito wa mbegu zake. Mwaka 2009 watafiti walipokwenda kwa wakulima wadogo wa Kenya walikuta mavuno hafifu mno, wakashauri upandwe kama ua tu.