Lami Iliyobanwa Hadi Ikasema Kweli

Malori yakipanda mlima kwa gia ndogo, huko ndiko lami inakofichuka. Uzito hukawia juu yake, jua limeshailainisha, na haipiti misimu mingi kabla matairi hayajachimba mifereji miwili. Dawa iliyozoeleka ni kuchanganya lami na polima, hasa ile iitwayo SBS, mara nyingi kwa asilimia 3 hadi 5 ya uzito. Polima ikikolea hutanda ndani ya lami kama wavu wa mpira: hubonyea, kisha hurudi. Ila mnunuzi hupokea uji mweusi tu. Atajuaje kama wavu umo?

Marekani ilijibu swali hilo vibaya kwa miaka mingi. Mpango wa utafiti wa SHRP, ulioanza 1987, ulileta kipimo cha kuweka tone la lami kati ya sahani mbili na kuitikisa moja huku na huko. Mtikiso wenyewe ulikuwa wa upole mno, wavu haukupata kazi ya kufanya, na mashine ikasoma ugumu zaidi kuliko mnyumbuko. Ugumu haukosi njia za mkato. Asidi ya polifosfori inaweza kuuongeza bila chembe ya SBS. Majimbo yakabandika vipimo vya ziada, maarufu kikiwa cha kuivuta lami ndani ya maji ya nyuzi 25, kuikata katikati kwa mkasi na kungoja ncha zirudi. Kinapendeza kutazama. Lakini kinakuambia polima imo, hakikuambii itafanya nini barabarani kwenye joto la nyuzi 64.

Kipimo kilichofuata, kiitwacho MSCR, kilitumia mashine ileile ya sahani, kikabadili ukali. Lami iliyozeeshwa kwanza kwa joto, kuiga yanayoipata kiwandani inapochanganywa na kokoto, husokotwa kwa sekunde 1 na kuachwa ipumzike sekunde 9, tena na tena. Mkazo huanza na kilopaskali 0.1, kisha hupanda hadi 3.2, na hapo wavu dhaifu huachia. Sehemu ya msokoto isiyorudi, ikigawanywa kwa mkazo, ndiyo Jnr. Kwa msongamano wa kawaida Jnr isizidi 4.5, kwa malori mengi mno yanayosimama-simama, isizidi 0.5. Kwenye barabara ya I-55, Mississippi, Jnr ilipopungua kwa nusu, mifereji nayo ilipungua kwa takriban nusu.

Kinachonivutia zaidi ni joto. Zamani, malori yakiwa mengi, maabara ilipandisha nyuzi hadi 70 au 76, joto ambalo barabara yenyewe haitalifikia, ili kuilazimisha lami iwe ngumu. MSCR hupima kwenye joto halisi la mahali na kukaza kiwango badala yake. Huo ndio uungwana wa kipimo.

Hata hivyo, lami inaweza kufaulu leo na kuharibika ndani ya tangi, polima ikielea juu kama mafuta ya nazi kwenye mchuzi. Ndiyo maana sampuli nyingine huwekwa kwenye mrija uliosimama, nyuzi 163 kwa saa 48, ikagandishwa na kukatwa vipande vitatu. Cha kati hutupwa. Cha juu na cha chini hupimwa, na vinapaswa kulainika kwenye joto linalokaribiana.