Hongera, Mafundi wa Nungwi

Ukifika Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, zipite hoteli, uende pwani wanakoundia vyombo. Mashua imesimama juu ya magogo, mataruma yakiwa wazi, na fundi hana mchoro. Kipimo kiko machoni. Nilikaa sana nikimtazama mzee mmoja akikalafati. Anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kwenye upenyo wa mbao, taratibu, anapapasa kwa kidole gumba, anarudia, mpaka pasipite hata tone. Hapo jirani samaki wananadiwa mchangani, jodari na changu, bado wanameta. Mvuvi aliyewaleta amekesha baharini akiitegemea pamba ile ile. Mafundi wetu, hongereni kwa kazi. Mungu awazidishie nguvu za mikono.